Habari za Maisha ya Dr. Eduardo Mondlane

Twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye jina lake lajulikana sana katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, walakini maisha yake hayajulikani na wengi. Wazee wa pande hizo walioishi katika miaka ya 1960 waliwaona Wamakonde, Wamakua na Wayao wakivuka mto Ruvuma na mizigo vichwani, wakikimbia vita vya Msumbiji. Waliwaona pia askari wa chama cha FRELIMO wakifanya mazoezi katika mashamba ya karanga yaliyoachwa. Rais wa kwanza wa chama hicho alikuwa Eduardo Chivambo Mondlane. Mtu huyu hakuanza kwa bunduki. Alianza kama mtoto wa shule ya misheni, na kilichomtoa kwao na kumzungusha duniani ni mlango wa shule uliofungwa mbele yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

UTOTO WAKE

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwajahane, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Kabila lake ni Watsonga. Baba yake alikuwa jumbe, naye alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Akalelewa na mama yake, na kazi yake ilikuwa kuchunga mifugo pamoja na ndugu zake, kama ilivyokuwa desturi ya watoto wa kiume.

Mama huyu hakujua kusoma, lakini alikuwa na akili ya kuona mbali. Alimhimiza mwanawe aende shule, ajifunze siri ya nguvu za Wazungu, kwa maana aliona ya kuwa mtu hawezi kushindana na jambo asilolijua. Basi kijana akaacha fimbo ya kuchungia, akaenda kwanza shule ya serikali, kisha shule ya Misheni ya Uswisi, ambayo ni ya Wakristo wa Kipresbiteri. Mama akafariki kijana bado hajakua. Hakuona hata moja ya siku tutakazozisimulia hapa chini.

Katika misheni hiyo alikuwako Mswisi mmoja, André-Daniel Clerc, aliyekuwa akiwaongoza vijana. Alimpenda Mondlane kama mwanawe, akamsaidia katika masomo. Baadaye wawili hawa walitunga pamoja kitabu cha habari za utoto wa kijana wa Kitsonga, mwana wa jumbe, nacho kilipigwa chapa kwa Kifaransa mwaka 1946. Mondlane mwenyewe akawa kiongozi wa vijana wa kanisa, akifundisha wenzake kijiji kwa kijiji.

SHULE MBILI KATIKA NCHI MOJA

Yafaa tueleze jinsi shule zilivyokuwa Msumbiji wakati wa Wareno, maana asiyejua hayo hatafahamu kwa nini Mondlane alihangaika hivi.

Serikali ya Wareno ilikuwa na elimu ya namna mbili. Watoto wa Wazungu, na Waafrika wachache mno waliohesabiwa kuwa wamekuwa kama Wareno, walisoma katika shule za serikali zilizowapandisha hata shule za juu. Watoto wengine wote wa Kiafrika waliwekwa katika shule za misheni za kufundisha mambo ya mwanzo tu: Kireno kidogo, kuhesabu kidogo, dini, na kazi za mikono. Mwaka 1940 serikali ilifanya mapatano na Kanisa la Roma, na kwa amri ya mwaka 1941 elimu hiyo ya Waafrika ikatiwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Misheni za Kiprotestanti zikabaki zikisongwa.

Tena palikuwa na mtego wa umri. Mtoto wa Kiafrika alikawia miaka kadhaa katika shule ya mwanzo kwa kuwa ilimbidi ajifunze Kireno kwanza. Alipomaliza, aliambiwa umri wake umepita kiasi cha kuingia shule ya juu. Hivyo serikali haikuwa na haja ya kuandika mlangoni kwamba mweusi haingii. Hesabu ya miaka ilifanya kazi hiyo kimya kimya.

Matunda yake yalionekana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1950, Waafrika wa Msumbiji walikuwa zaidi ya milioni 5, na waliopewa haki za raia kwa kuwa wamekuwa kama Wareno hawakufika 5,000. Mwaka 1960, katika shule kubwa ya sekondari ya Lourenço Marques, mji ambao leo waitwa Maputo, wanafunzi walikuwa zaidi ya 1,000, na Waafrika kati yao walikuwa 30 tu.

Tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ng'ambo ya Ruvuma peke yake. Hata Tanganyika, chini ya Waingereza, zilikuwako shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na majengo yake, walimu wake na fedha zake, na wengi katika nchi ndio waliopata kidogo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili yake ilijengwa hata reli kutoka pwani ya kusini mpaka Nachingwea. Mpango ukavunjika mwaka 1951, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Lakini kabla ya kuvunjika, Kongwa palikuwa pamekwisha kuanzishwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu peke yao. Karanga zilikosa mvua, bali ubaguzi haukukosa fungu lake. Shule za Tanganyika ziliunganishwa kisheria mwaka 1962, baada ya Uhuru.

ANATAFUTA MLANGO

Mondlane alipomaliza shule ya mwanzo, hapakuwa na nafasi kwake katika sekondari ya nchi yake. Hakukaa kulalamika. Alikwenda shule ya ukulima ya Wamethodisti huko Khambine, akajifunza kulima katika nchi ya ukame, na hapohapo akajifunza Kiingereza. Kisha akafundisha wanavijiji maarifa hayo ya kulima. Kiingereza kile ndicho kilichomfungulia njia, kwa kuwa kwa msaada wa misheni alipata nafasi katika shule ya Lemana, Transvaal ya Kaskazini, Afrika Kusini. Aliingia mwaka 1944, akiwa mtu mzima wa miaka 24, akaketi dawati moja na vijana wadogo.

Kutoka Lemana alikwenda Johannesburg, katika shule ya Jan Hofmeyr ya kazi za ustawi wa jamii, kisha akapokewa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo hicho wakati ule kilipokea wanafunzi weusi wachache pamoja na Wazungu. Lakini mwaka 1948 serikali mpya iliingia madarakani Afrika Kusini, ambayo shabaha yake ilikuwa kutenga watu kwa rangi katika kila jambo. Mwaka 1949 serikali hiyo ilikataa kumwongezea Mondlane ruhusa ya kukaa nchini. Wanafunzi wenzake, weusi kwa weupe, walipinga, lakini amri haikubadilika. Akafukuzwa katikati ya masomo.

Alirudi Lourenço Marques, akasaidia kuanzisha umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wa sekondari. Kwa ajili hiyo polisi wa Kireno wakamkamata na kumhoji. Wakuu wa Kireno waliona afadhali asome kwao Ureno, karibu na macho yao, kuliko asome kwa wageni. Basi mwaka 1950 akaenda Lisbon, kwa fedha za mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Huko alikutana na vijana wengine wa makoloni ya Wareno, kama Amílcar Cabral wa Guinea na Agostinho Neto wa Angola. Lakini polisi hawakumwacha apumzike. Baada ya mwaka mmoja akaomba kuhamishwa, na mwaka 1951 akavuka bahari kwenda Marekani.

SIKU YA KUPEWA SHAHADA

Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, kina sifa yake. Tangu mwaka 1835 kiliamua kupokea wanafunzi bila kutazama rangi, wakati ambapo katika majimbo ya kusini ya nchi ileile watu weusi walikuwa bado watumwa. Hapo Mondlane alisoma elimu ya jamii ya watu kwa miaka miwili. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni mtu wa kuhesabiwa au la. Aliulizwa kama amesoma.

Mwaka 1953 akapewa shahada yake ya kwanza. Alikuwa karibu na umri wa miaka 33, wakati wengi wa wenziwe walioitwa siku ile walikuwa na miaka 21 au 22. Na tuhesabu vituo alivyopita: Nwajahane, Lourenço Marques, Khambine, Lemana, Johannesburg, Lisbon, Oberlin. Kijana wa Kizungu wa Lourenço Marques aliyezaliwa mwaka mmoja naye angaliweza kumaliza sekondari katika mji wake, akirudi kulala kwa mama yake. Mondlane ilimbidi apite nchi nne. Kuchelewa kwake hakukutokana na uzito wa akili. Ilikuwa ni kodi aliyotozwa kwa rangi yake, naye aliilipa kwa miaka ya ujana wake.

Tena siku hiyo ya furaha haikuwa katika nchi isiyo na doa. Mwaka 1953 ule majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule. Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba sheria hizo si halali tarehe 17 Mei 1954, karibu mwaka mzima baada ya Mondlane kupewa shahada. Basi mtu mweusi aliyevaa joho Ohio angalisafiri siku chache kuelekea kusini na kukuta shule za watoto wadogo zilizofungwa mbele ya watoto wenye rangi yake.

Katika mambo hayo Mondlane aliona jambo ambalo hakulisahau mpaka mwisho. Shahada yake ilikuwa ushahidi dhidi ya wale waliosema Mwafrika hawezi. Lakini ushahidi wa mtu mmoja waweza kugeuzwa kuwa udhuru. Wareno walipenda sana kumwonyesha Mwafrika mmoja aliyesoma, ili ulimwengu usiwatazame maelfu waliofungiwa nje. Mtu aliyepita katika tundu la sindano hawezi kusema tundu hilo ni lango la mji.

Aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na mwaka 1960 akapewa shahada ya udaktari. Mwaka 1956 alimwoa Janet Johnson, msichana wa Kimarekani wa kizungu ambaye walifahamiana katika kambi ya vijana Wakristo huko Wisconsin. Wengi walipinga ndoa hiyo, hata watu wa kanisa. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yakikataza ndoa za namna hiyo kwa sheria, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Afrika Kusini pia. Wawili hao hawakurudi nyuma, na Mungu akawapa watoto watatu.

ANARUDI AFRIKA

Tangu mwaka 1957 Mondlane alifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, New York, katika idara ya nchi zilizo chini ya udhamini, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Huko ndiko alikofahamiana na Julius Nyerere. Mwaka 1961 aliitembelea Msumbiji, akawakuta watu wake katika hali ileile: shokoa mashambani, na shule za mwanzo zisizo na mwisho. Wareno wakamwahidi kazi nzuri. Akakataa. Akaacha mshahara wa Umoja wa Mataifa, akafundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Syracuse, kisha akaja Dar es Salaam.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vilivyokuwa vimetengana, na Mondlane akachaguliwa kuwa Rais. Kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa shule. Mwaka 1963 ilifunguliwa Taasisi ya Msumbiji huko Dar es Salaam, chini ya uongozi wa mama Janet Mondlane, kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao. Msaada wa kwanza ulitoka kwa mfuko wa Ford wa Marekani, na Wareno walipolalamika ukakatwa. Baadaye nchi nyingine zikasaidia, hasa Sweden.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Askari wa FRELIMO walikuwa na kambi Kongwa, kisha tangu mwaka 1965 Nachingwea, katika shamba la karanga lililoitwa Farm Seventeen. Basi ardhi ileile iliyolimwa kwa shabaha ya kuwapatia Waingereza mafuta ikawa mahali pa kuwafundisha Waafrika kujikomboa. Kambini walikaa Wamakonde, Watsonga, Wamakua, Wanyanja na wengine, waume kwa wake, ambao kwao wasingalikutana. Walijifunza silaha, lakini pia walijifunza kusoma na kuandika, na walilima chakula chao wenyewe.

Na raia waliovuka mto walipokewa. Rutamba katika nchi ya Lindi, na Matekwe katika nchi ya Nachingwea, palifanywa makazi ya wakimbizi, wakapewa mashamba, wakajengewa shule na zahanati. Katika kazi hiyo Walutheri wana fungu lao, kwa sababu shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1964, lilikuwa chini ya Umoja wa Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ruangwa, ambayo tangu mwaka 1995 ni wilaya yenyewe, i jirani na nchi hizo mbili.

JARIBU LA MWAKA 1968

Jaribu lililomchoma sana Mondlane halikutoka kwa Wareno. Lilitoka katika shule yake mwenyewe.

Chama kilikuwa kimeamuru kwamba wanafunzi wasihesabu elimu kuwa njia ya kupanda wao peke yao, bali watoke darasani kwa muda wakawafundishe watu katika sehemu zilizokombolewa, na walio ng'ambo wakimaliza warudi. Wengi wa wanafunzi wa Dar es Salaam hawakutaka. Walitamani kwenda Ulaya na Marekani wakapate shahada, kama Rais wao alivyopata. Padre mmoja, Mateus Gwenjere, aliwaunga mkono. Tena walinung'unika kwamba baadhi ya walimu wao ni Wazungu wenye asili ya Kireno, na mkuu wa Taasisi ni mwanamke mzungu. Mwezi wa Machi 1968 pakatokea fujo, na shule ikafungwa. Mwezi wa Mei ofisi ya chama ilivamiwa na mtu mmoja akauawa, na walimu wale Wazungu wakaondolewa nchini.

Tusiwahukumu vijana wale upesi. Walikuwa na njaa ya elimu, na walioitia njaa hiyo ndani yao ni wale waliowanyima. Tena haikuwa ajabu kwao kumshuku kila mweupe, maana weupe ndio waliowafungia. Walakini Mondlane alisimama imara. Alishika kwamba adui si rangi ya mtu, bali ni utaratibu unaowapima watu kwa rangi, na ya kwamba shule itakayomfukuza mwalimu kwa ngozi yake itakuwa imejifunza somo lilelile la Wareno. Kuhusu shahada, alishika kwamba aliyesomeshwa kwa jina la watu wake ana deni kwao. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha cheo na mshahara, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Mwezi wa Julai 1968 mkutano mkuu wa chama ulifanyika Matchedje, ndani ya nchi ya Msumbiji, akachaguliwa tena.

KIFO CHAKE

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alichukua barua zake ofisini, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, Dar es Salaam. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Akafa palepale, akiwa na miaka 48. Wengi waamini kwamba ilikuwa kazi ya polisi wa siri wa Wareno. Mchungaji Edward Hawley, aliyefahamiana naye tangu siku za Oberlin na ambaye wakati huo alikuwa akiwahudumia wakimbizi Dar es Salaam, aliongoza ibada ya maziko. 

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, chini ya Samora Machel, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya FRELIMO na aliyewafundisha wengi pale Nachingwea. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo, ambacho chini ya Wareno kilikuwa na wanafunzi Waafrika wachache mno, kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Na mkuu wake wa kwanza katika jina hilo alikuwa Fernando Ganhão, mmoja wa walimu wale weupe walioondolewa Dar es Salaam mwaka 1968.